Picha za marehemu baba, kuta za mwenye nyumba: tupake rangi gani?

SWALI: Fundi, hujambo. Tunapanga nyumba ya vyumba viwili vya kulala huku South B, orofa ya pili. Marehemu baba alipenda sanaa na ameniachia picha kama kumi na tano: mbili kubwa za rangi ya mafuta zenye giza giza, tingatinga tatu, batiki nne, michoro ya penseli kwenye karatasi, na picha za kamera za zamani, nyeusi na nyeupe. Kuna pia vinyago vya mpingo na vya mawe ya Kisii. Kuta zetu ni krimu juu, na chini hadi kiunoni ni rangi ya mafuta ya kahawia. Mwenye nyumba amekubali tupake upya kwa gharama yetu. Mimi nataka kote kuwe kweupe pe kama kwenye majumba ya maonyesho. Mume wangu anataka ukuta mmoja wa bluu nzito sebuleni. Dirisha la sebule linatazama magharibi, la chumba chetu linatazama ukuta wa jirani, na korido haina dirisha kabisa. Tuanzie wapi, na kati yetu ni nani aliye sawa?

JIBU: Dada, pole sana kwa kuondokewa na mzee. Nianze na hilo la mwisho ili nyumba itulie: mume wako amekaribia zaidi kuliko wewe. Bluu yake ni nzuri, ila ameipeleka chumba kisichoihitaji. Weupe wako ungefaa kama mngekuwa na dari ya mita nne, taa za reli zinazomulika kila picha peke yake, na hatua tano za kurudi nyuma kutazama. South B orofa ya pili hamna hayo, na hakuna haja ya kuyaigiza.

Hata huko kwenye majumba ya maonyesho, weupe haukuanza kwa kuwa ni sheria ya sanaa. Karne ya kumi na tisa, kuta za maonyesho ya Paris na London zilikuwa nyekundu iliyoiva, kijani, wakati mwingine zimefunikwa kitambaa. Mwaka 1883 mchoraji James Whistler alionyesha michoro yake London katika chumba alichokipanga kwa nyeupe na njano, hadi mavazi ya mhudumu, na watu walizungumzia chumba kuliko michoro. Jumba la sanaa za kisasa la New York lilifunguliwa 1929, na ni katika miaka iliyofuata ndipo ukuta mweupe mtupu ulipozoeleka duniani. Ni mtindo uliojengewa majengo yake. Ukiuchukua ukuta bila jengo, unabaki na nusu ya kazi.

Hebu tazama kinachotokea sebuleni kwenu saa kumi jioni. Jua la magharibi linaingia, ukuta mweupe unalirudisha karibu lote. Mboni ya jicho inajibana kwa sababu ya ule mwangaza. Sasa katikati ya ukuta huo kuna picha ya mzee yenye giza: jicho lililojibana halioni tena tofauti ya kahawia na nyeusi ndani yake. Unaona mstatili mweusi ukutani, basi. Korido nayo ni kinyume chake. Huko hakuna mwanga, na weupe hauzalishi mwanga, unarudisha tu ule uliopo. Ukuta mweupe usio na mwanga huwa wa kijivu chafu, na watu hudhani rangi ilikuwa mbovu.

Kwa hiyo usianze na kadi za rangi dukani. Anza na picha. Zisimamishe zote sakafuni, zikiegemea ukuta mmoja, nenda upande wa pili wa chumba, kisha fumba macho nusu. Rangi zenyewe zitapotea na utabaki na uzito: hii ni nzito, hii ni nyepesi, hii ina pembezoni nyeupe. Ukuta unaofaa ni ule ulio katikati ya sehemu nyepesi kabisa ya picha na sehemu yake nzito kabisa. Hapo zote mbili zinaonekana. Ukuta mwepesi kuliko kila kitu kwenye picha unaifanya picha iwe shimo. Ukuta mzito kuliko kila kitu unaifanya iwe dirisha, jambo ambalo mara nyingine ndilo tunalolitaka, na nitalirudia tukifika korido.

Watengenezaji wengi wa rangi huandika nyuma ya kadi zao kiasi cha mwanga ambacho rangi hurudisha. Nyeupe pe hupita asilimia 80. Krimu ya nyumba za kupanga huwa 70 hivi. Kijivu cha katikati ni 40 hadi 60, na bluu ya mume wako pengine haifiki 10. Muulize muuzaji, akikosa kujua, weka kadi zote za rangi kwenye meza, zipige picha kwa simu zikiwa nyeusi na nyeupe, na ulinganishe uzito wake kwa macho.

Sasa mkusanyiko wako, kwa maana kila kundi lina tabia zake.

Zile mbili kubwa za giza zinataka ukuta wa katikati. Hilo nimeshalieleza. Michoro ya penseli watu huidhania kwamba inataka weupe kwa kuwa yenyewe ni myeupe, na hapo ndipo inapoharibiwa. Karatasi ya zamani si nyeupe. Imekwisha kuingia umanjano. Ukiiweka kwenye nyeupe pe ya kisasa, karatasi ya mzee itaonekana imechafuka. Iweke kwenye kijivu chenye joto kidogo na karatasi ile ile itang'aa.

Picha za kamera ndizo zenye ubishi zaidi. Mwanakemia Mfaransa aitwaye Chevreul aliwekwa kusimamia upakaji rangi kwenye kiwanda cha mazulia cha Gobelins, Paris. Wafumaji walilalamika kwamba uzi mweusi hauna nguvu. Akaupima, akaona uzi hauna kasoro. Kosa lilitokana na rangi zilizofumwa kando yake. Mwaka 1839 alichapisha kitabu kizima kuhusu jinsi rangi mbili zinazokaa jirani zinavyobadilishana sura. Krimu ya mwenye nyumba wako ina umanjano, na umanjano husukuma kijivu cha jirani kielekee bluu na zambarau. Ndiyo maana picha za harusi za wazee kwenye kuta za krimu huonekana zimepigwa baridi. Zinataka kijivu kisichoegemea popote, au kilichoegemea joto kidogo sana.

Tingatinga haina shida ya rangi, ina shida ya mng'ao. Tangu enzi za Edward Saidi Tingatinga kule Dar es Salaam, aliyefariki 1972, wachoraji wa mtindo huu aliouanzisha wametumia rangi za mafuta zinazong'aa, za aina ya kupakia baiskeli, juu ya hadibodi. Ukiitundika ikitazamana na dirisha utaona dirisha, si simba. Itundike kwenye ukuta wa pembeni. Na rangi zake ni za kelele, kwa hiyo ukuta unyamaze: usimpe chui wa njano ukuta wa machungwa nyuma yake kwa kuwa eti vinaendana. Vikiendana sana, chui anazama.

Batiki ndizo ninazoziogopea. Kitambaa kilichotiwa rangi hupauka, na kikipauka hakirudi. Majumba ya makumbusho hupunguza mwanga hadi lakisi (kipimo cha mwanga) 50 kwa nguo na karatasi, na kama 200 kwa rangi ya mafuta. Jua la moja kwa moja la mchana linaweza kufika lakisi laki moja. Na sisi tuko karibu na ikweta, juu ya mita 1,600, ambako miale inayopausha ni mikali kuliko pwani. Batiki za mzee zisiione kamwe jua la jioni.

Hapo tunafika kwenye suala la dirisha lenu, nami nitakaa hapa kidogo kwa sababu vitabu vingi vya mapambo vimeandikwa na watu wa kaskazini ya dunia. Wanakuambia dirisha la kaskazini lina mwanga tulivu mwaka mzima. Kwao ni kweli. Nairobi iko digrii moja na ushei kusini ya ikweta. Mwezi wa sita jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, mwezi wa kumi na mbili liko kusini, na katika miezi yote hiyo adhuhuri liko juu sana hata haliingii mbali ndani ya chumba. Jua linaloingia ndani kwetu ni la asubuhi na la jioni, la kulala, mashariki na magharibi. Sebule yenu inalipata la jioni mwaka mzima.

Ila haliangukii mahali pamoja. Mwezi wa sita linazama kaskazini ya magharibi, kwa hiyo miale yake inaingia kwa mshazari na kupiga ukuta wa kusini wa sebule. Disemba linazama kusini ya magharibi, na ukuta wa kaskazini ndio unaopigwa. Ule unaotazamana na dirisha haupumziki. Leo saa kumi na moja jioni chukua tepe ya karatasi, weka alama pembeni mwa kile kipande cha jua ukutani. Rudia saa kumi na mbili kasorobo. Kisha kumbuka kwamba baada ya miezi sita kitakuwa kimehamia ukuta wa pili. Kabla hujajua njia yake yote, weka sebuleni zile za mafuta na tingatinga, na usiweke nguo wala karatasi. Pazia jepesi jeupe lililofungwa kuanzia saa tisa litasaidia kuliko rangi yoyote ile.

Ukuta ulio na dirisha lenyewe upakeni rangi nyepesi kuliko kuta nyingine zote sebuleni, na msitundike picha ya maana hapo. Ukiupaka rangi nzito, tofauti kati ya dirisha linalowaka na ukuta mweusi itamchosha macho kila anayekaa kwenye kochi. Nimeona watu wakipaka bluu kali hasa ukuta huo kwa kuwa ndio hauna samani. Mume wako asishawishike.

Chumba chenu cha kulala, hilo dirisha linalotazama jirani. Nenda ukaangalie ukuta wa jirani umepakwa nini. Nairobi tumejengeana karibu mno, na mwanga unaoingia kwenu haujatoka mbinguni, umetoka kwenye ukuta wake. Kuna nyumba moja Ngara niliyoitwa kwa sababu mama mwenye nyumba alikuwa amebadilisha rangi ya chumba kila mara, na kila mara inatoka na ukijani wa hospitali. Krimu ikawa kijani, nyeupe ikawa kijani. Chini ya dirisha lake kulikuwa na paa la karakana, mabati yamepakwa kijani kibichi, na kila saa nne asubuhi jua likipiga yale mabati chumba chote kinageuka. Tulichagua rangi yenye wekundu kidogo ndani yake, ambayo kwenye kadi ilionekana karibu ya waridi, na mle chumbani ikawa kijivu tulivu kabisa. Kwa hiyo ukuta wa jirani ukiwa wa bluu, chagua rangi iliyoegemea njano au machungwa kidogo. Ukiwa wa matofali mekundu, iegemee upande wa baridi.

Hii ndiyo sababu sitakuambia jina la rangi. Nitakuambia namna ya kuijaribu. Nunua rangi tatu kwa vipimo vidogo kabisa, kisha chukua vipande vya hadibodi au kadibodi ngumu, ukubwa wa gazeti lililokunjuliwa. Paka kila kimoja mara mbili. Acha pembezoni nyeupe? Hapana, paka hadi ukingoni, la sivyo weupe ule utakudanganya. Usipake moja kwa moja ukutani, kwa sababu krimu iliyozunguka itabadilisha unachokiona; Chevreul tena. Kikikauka, kiegemeze ukutani, weka picha moja ya mzee mbele yake, tazama asubuhi, adhuhuri, jioni, na usiku taa ikiwaka. Kihamishe ukuta wa pili na urudie. Rangi ikiwa majimaji ni tofauti na ikikauka, kwa hiyo usihukumu kwenye ndoo. Kazi ya siku mbili hii itakuokolea lita nane za majuto.

Maoni yangu, ili usibaki hewani: sebule ipate kijivu chenye joto kinachorudisha kama nusu ya mwanga, kuta tatu, na ule wa dirisha upate rangi hiyo hiyo iliyochanganywa na nyeupe nusu kwa nusu. Chumba cha kulala kiwe chepesi kidogo kuliko sebule, kwa picha za kamera na penseli. Korido ipewe bluu ya baba watoto. Huko hakuna jua la kupausha, hakuna dirisha la kuakisi, na mwanga wote ni wenu wa kupanga. Ukuta mzito wenye taa inayomulika picha tu humfanya mtu anayepita asimame. Batiki nne ziende huko, zimulikwe kwa taa ndogo mnayoizima mkitoka. Wengi huogopa kupaka korido nyembamba rangi ya giza wakidhani itazidi kubana. Korido ni ya kupita. Acha ibane.

Vinyago vya mpingo visiende kwenye bluu, vitamezwa. Viweke kwenye rafu mbele ya ukuta mwepesi wa dirisha, mbali na mstari wa jua ili mti usipasuke. Mawe ya Kisii, ya rangi ya maziwa na waridi, ni mepesi na yatajitokeza mbele ya bluu. Hayo ndiyo yakae koridoni.

Sasa kazi yenyewe, na hasa ile kahawia ya chini. Ifunikwe. Si kwa sababu ni mbaya, ingawa ni mbaya. Mstari wake uko kama mita 1.2 kutoka sakafuni. Picha hutundikwa katikati yake ikiwa mita 1.45 hadi 1.5, usawa wa macho. Picha ya mzee yenye urefu wa sentimita 80 itaishia chini mita 1.1, yaani mstari wa krimu na kahawia utapita nyuma yake na kuonekana kushoto na kulia kama mshipi. Hakuna picha inayoshinda mstari huo. Ukuta wote uwe rangi moja, juu hadi chini.

Tatizo ni kwamba rangi ya maji haishiki juu ya ile ya mafuta. Fundi mwenye haraka ataipaka tu, itapendeza, na baada ya miezi michache ukibandua tepe inatoka na ngozi nzima. Kwanza hakikisha ni ya mafuta kweli: chovya pamba kwenye spiriti ya kusafishia vidonda, sugua mahali padogo nyuma ya kochi. Rangi ya maji italainika na kupaka pamba. Ya mafuta haitatikisika. Kama ni ya mafuta, oshwe kwa maji ya sabuni itoke mafuta ya mikono, isuuzwe, ipigwe msasa hadi mng'ao uishe kabisa, ifutwe vumbi, kisha ipakwe andakoti, yaani rangi ya msingi, inayoshika juu ya rangi ya mafuta. Baada ya hapo ndipo rangi yako. Simama hapo fundi akipiga msasa. Ndiyo hatua wanayoiruka, kwa kuwa haionekani kazi ikiisha.

Jambo moja usilichukulie mzaha: kama jengo ni la zamani, rangi za chini zinaweza kuwa na madini ya risasi. Siku hizi Kenya ina kikomo cha sehemu 90 za risasi kwa kila milioni, lakini rangi iliyopakwa miongo iliyopita haikujua kikomo hicho. Msasa upigwe ukiwa na maji, si mkavu, vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji, na watoto au mama mjamzito wasilale humo mpaka kusafishwe.

Mng'ao: mati, isiyong'aa. Ukuta unaong'aa unarudisha dirisha na taa, na unaonyesha kila kovu la plasta. Wauzaji watakusukuma kwenye silki, ile inayong'aa kidogo, kwa kuwa inaoshwa. Ni kweli inaoshwa, na ukiwa na watoto wadogo mikono yao iko chini, si kwenye usawa wa picha. Zipo mati za kuoshwa; gharama yake ni kubwa zaidi kidogo, na sebuleni inastahili. Kwenye korido ya bluu alama za mikono zitaonekana sana, kwa hiyo hapo usibane pesa. Dari iwe mati nyeupe ya kawaida.

Kiasi: chukua sebule ya mita 4 kwa 3.5, kimo mita 2.6. Mzunguko ni mita 15, mara kimo ni mita za mraba 39. Toa mlango na dirisha, baki 34. Mara mbili ni 68. Lita moja hufunika kama mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, yaani kupaka mara moja, kwa hiyo lita 7. Nunua mikebe miwili ya lita 4 kwa siku moja, uimimine yote kwenye ndoo moja na kukoroga, kwa sababu rangi za kuchanganywa na mashine hutofautiana kidogo mkebe kwa mkebe, na tofauti hiyo huja kuonekana katikati ya ukuta. Itakayobaki itakufaa. Fundi akitaka kuongeza maji, aongeze kile kiasi kilichoandikwa kwenye mkebe, si zaidi. Na pakeni Januari au Februari mkiweza. Wakati wa mvua ndefu au ile baridi ya Julai rangi inakawia kukauka. Subirini usiku kucha kati ya mkono wa kwanza na wa pili. Picha zisirudi ukutani kabla ya wiki mbili, hata kama rangi haishiki kiganjani tena.

Taa ndiyo nusu ya rangi. Balbu nyingi zinazouzwa mjini ni zile nyeupe za bluu bluu, kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 6500 zimeandikwa kwenye boksi. Usiku zitaua kila kahawia na wekundu ulio kwenye picha za mzee, na kijivu chako kitakuwa cha barafu. Tafuta 3000, au 4000 kama mnapenda weupe zaidi, na kwenye boksi tafuta herufi Ra au CRI ikifuatwa na 90 au zaidi. Hiyo ndiyo inayoeleza kama nyekundu itaonekana nyekundu. Kwa picha za mafuta na tingatinga, taa imulike kutoka juu kwa mshazari wa digrii 30 hivi. Kwa dari yenu ni kama sentimita 60 kutoka ukutani. Ikikaa mbali zaidi mng'ao unakurudia machoni, ikikaribia sana kila wimbi la turubai linatoa kivuli. Hamuwezi kutoboa dari ya zege ya mtu? Taa ya kubana, juu ya kabati, inatosha.

Na kutundika. Kuta za mawe za Nairobi hupinda msumari wa kawaida, mtu akakasirika akapiga wa zege, plasta ikamomonyoka, ukaachiwa shimo la ukubwa wa yai. Ukiwa mpangaji mwenye picha kumi na tano, usitoboe mara kumi na tano. Chukua ubao mwembamba wa sentimita tano, ufunge juu ukutani, usawa wa mita 2.2, kwa skrubu na plagi chache zilizotobolewa kwa drili ya zege. Upake rangi ile ile ya ukuta. Tundika picha zote kwenye huo ubao kwa waya mwembamba na kulabu. Ukichoka na mpangilio unasogeza kulabu, ukuta hauguswi. Nailoni ya kuvulia samaki usitumie kwa zile kubwa, inavutika kidogo kidogo na picha inashuka upande. Nyuma ya kila fremu, pembe mbili za chini, gundisha vipande vya koki ili hewa ipite. Msimu wa mvua ukungu hupenda nyuma ya picha zilizobana ukuta.

Kabla hata hujanunua chochote, nenda Nairobi Gallery pale kando ya Nyayo House, jengo la 1913 lililokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa, ambalo sasa lina sehemu ya mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais wa Kenya. Usitazame kazi za sanaa kwanza. Tazama mwanga unatoka wapi, picha zimewekwa umbali gani kutoka dirishani, na kimo gani.

Mwisho ni mwenye nyumba. Amekubali kwa mdomo, na deposit yako iko kwake. Piga picha kila ukuta kabla ya kazi, kisha muandikie ujumbe wenye rangi mtakazopaka na umuulize akitaka mkihama mrudishe krimu au aachiwe kijivu. Jibu lake lihifadhi. Wengi kijivu hukikubali, bluu hukataa, na kufunika bluu kwa krimu kunahitaji andakoti na mikono mitatu. Muulize hilo la korido kwa jina, kabla mume wako hajafungua mkebe.